Kituku: soko, bandari na kisima cha mji wa Goma

Kituku ni kipande cha ufuko wa Ziwa Kivu katika mtaa wa Kyeshero, upande wa magharibi ya mji wa Goma. Ni soko, ni bandari, na kwa nyumba nyingi za mtaa huo ni mahali pa kuteka maji. Mambo hayo matatu yanafanyika kwa nafasi moja ndogo, toka mbele ya jua kutoka mpaka giza kuingia. Mtu anayetaka kujua kama Goma itakula vizuri wiki hii aulize bei ya ndizi pale Kituku. Jibu litakuwa karibu na ukweli kuliko hotuba nyingi.

Bandari kubwa ya mji iko kwingine. Boti za chuma zinazobeba watu na mizigo kati ya Goma na Bukavu, pamoja na kanoti za mbio, zinafunga kamba kwenye bandari ya serikali na kwenye bandari za watu binafsi. Kule kuko tiketi, kuko mlango na mlinzi wake. Kituku ni ya boti za mbao, zile ndefu zenye mota nyuma, zinazotoka Minova, Bweremana, pembeni ya Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Abiria wake ni wale wale wenye mizigo. Mama anasafiri na mikungu yake ya ndizi, mkulima na magunia yake ya maharagi, na kila mmoja anataka kukaa pale anapoweza kuona mali yake. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lina uzito wake, na tutalirudilia.

Wavuvi wa sambaza

Wavuvi njo wanafika wa kwanza, wakati ingali baridi. Mtindo wao unajulikana ziwa nzima: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, na miti mingine inatoka mbele na nyuma kama mapembe. Usiku wanawasha taa. Samaki wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unangoja chini yao, kisha unavutwa juu taratibu. Wakati wa kwenda na wa kurudi wanaimba, na wageni wengi wanapenda kupiga picha ya hiyo. Lakini wimbo ni chombo cha kazi. Makasia yote yanapashwa kuingia majini kwa mara moja, kama sivyo mitumbwi mitatu inaanza kuvutana.

Sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Ni samaki wa Ziwa Tanganyika, ndugu ya ndakala wanaouzwa Uvira na Kalemie, na aliletwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache tu za samaki. Wengi waliishi karibu na ufuko, na kule katikati hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vidogo vinavyoelea majini. Wataalamu waliona nafasi tupu wakaijaza. Sambaza akazaana, na miaka iliyofuata uvuvi wake ukawa kazi ya maelfu ya watu, upande wa Kongo na upande wa Rwanda. Ni moja kati ya kazi chache za wakoloni ambazo watu wanaendelea kula faida yake bila kugombana.

Mitumbwi ikifika, biashara inaisha haraka, juu sambaza hangoji. Wamama wanunuzi wa jumla wanachukua kwa ndoo, wengine wananunua kutoka kwao na kupima kwa kikombe, na kabla ya jua kupanda samaki wamekwisha kuondoka sokoni. Wengine wanakwenda kukaangwa, wengine wanaanikwa. Samaki wa usiku moja anapita mikononi mwa watu wanne, watano mbele ya kufika kwenye sahani, na kila mkono unapata kitu kidogo. Mwezi ukiwa mkubwa angani, taa za wavuvi zinakosa nguvu, samaki wanapungua, na bei inapanda. Wapishi wa Goma wanaijua kalenda hiyo kwa kichwa.

Boti za mizigo

Baada ya wavuvi, zamu ni ya boti za mizigo. Ndizi na makemba, mihogo, viazi, maharagi, makaa, kuni, mbao, na kutoka Idjwi mananasi ya utamu unaosifiwa, pamoja na vidumu vya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kuko mbuzi pia, nao wanasafiri bila kukubali.

Boti ikigusa ufuko, wabebaji wanaingia majini mpaka magotini, wakati mwingine mpaka kiunoni. Hapa kazi ni ya mgongo na shingo. Gunia linatoka ndani ya boti, linapita juu ya kichwa cha mtu, linatupwa juu ya mawe meusi ya volkano. Mwenye kubeba analipwa kwa gunia, si kwa saa, njo maana wanakimbia. Pembeni kuko chukudu zinazongoja. Hizo ni baiskeli za miti zisizo na pedali, ambazo Goma imezijenga mpaka sanamu kwenye rompwe yake. Kuko pia pikipiki, na magari kwa wale wenye mzigo mkubwa. Toka hapo ndizi zinapanda kwenda Virunga, Birere, Katindo na masoko mengine ya mji.

Miaka vita ilipokuwa karibu, wabebaji waliongezeka. Kambi kama Bulengo na Lushagala hazikuwa mbali, na mwanaume aliyekimbia shamba lake kule Masisi alijikuta akibeba gunia la viazi vya mwingine ili watoto wapate kula jioni. Kulikuwa na wakulima wa kweli kati yao, watu waliojua kwa kushika tu kama viazi vilichimbwa mapema mno.

Wanaoongoza soko ni wamama. Wengi wao hawana duka wala banda. Wana shuka lililotandikwa chini, daftari ndogo au kichwa kinachokumbuka vizuri, na deni. Deni njo mafuta ya Kituku. Mama wa Goma anampa mama wa Minova feza mbele ya mavuno, au mama wa Minova anatuma mzigo na analipwa ukiisha kuuzwa. Hakuna karatasi ya mwanasheria. Kuko jina la mtu tu, na watu wanaomjua. Boti ikizama, deni halizami nayo. Anayebaki anaendelea kudaiwa.

Maji ya kuteka

Goma imejengwa juu ya mawe yaliyotoka ndani ya Nyiragongo. Mvua ikinyesha, maji yanapotea katikati ya mawe. Hakuna mto unaopita mjini, na kuchimba kisima ni kazi ngumu. Maji ya mji yanapigwa na mapompi kutoka ziwani, na bomba zikikauka, watu wanarudi kwa ziwa lenyewe.

Njo maana Kituku imejaa bidoni za njano. Watoto wanateka kabla ya masomo au kisha, vijana wanapakia bidoni kwenye baiskeli na chukudu na kwenda kuziuza juu kule mitaani. Hatua chache pembeni mtu anafua nguo, mwingine anaosha pikipiki, mafuta ya mota yanaelea na kung'aa rangi rangi. Kila mtu anaona, na kila mtu anateka, juu hakuna pahali pengine pa karibu. Kwenye njia ya kutoka ufukweni kuko mara nyingi watu wanaotia klori ndani ya bidoni, bila malipo, kwa msaada wa mashirika. Kipimo cha klori kinachukua sekunde chache tu. Wengine wanakipita wakisema maji yanakuwa na harufu. Lakini mji huu unaijua kolera vizuri: Julai 1994 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikufa kwa ugonjwa huo hapa Goma na pembeni yake, na toka hapo ugonjwa haujawahi kuondoka kabisa.

Kuhusu ziwa lenyewe, maneno machache yatoshe. Liko karibu mita 1.460 juu ya bahari, na pale penye kina kirefu linafika mita 485. Ndani ya kina hicho kumefungwa gesi nyingi, kaboni na metani, na wataalamu wanaifuatilia wakikumbuka ziwa Nyos la Kameruni ambalo liliua watu zaidi ya 1.700 mwaka 1986. Mamba hakuna. Volkano nayo iliwahi kushuka mpaka majini: tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kuingia ziwani. Mlima ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, moto ulikwama kabla ya kufika mjini kati, lakini siku chache baadaye wakaaji waliombwa kuhama, na boti za kwenda Bukavu zikajaa watu wenye magodoro. Siku zile ziwa lilikuwa mlango wa kutokea.

Barabara ilipokatika

Kwa siku za kawaida, mzigo wa Minova una njia mbili. Kuko barabara inayopita Sake, na kuko ziwa. Barabara ni mbovu lakini gari linajaza mzigo na linafika. Ziwa ni njia ya pili, ya wale wanaoishi karibu na maji ao wanaotafuta bei ya chini.

Mwanzoni mwa 2024 hesabu hiyo iligeuka. Mapigano kati ya jeshi la serikali na M23 yalifika pembeni ya Sake na kwenye njia ya kwenda Minova, na magari yakasimama. Goma, iliyokuwa imepokea pia mamia ya maelfu ya wakimbizi, ikabaki na mdomo mmoja upande ule: maji. Kila kitu kilichokuwa kinapanda gari kikapanda boti. Idadi ya watu iliongezeka, idadi ya magunia iliongezeka, lakini boti zilikuwa zile zile, na Kituku ilikuwa ile ile.

Tarehe 3 Oktoba 2024, siku ya alhamisi, boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova kuelekea Kituku. Ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika, mita mia chache tu kutoka ufukweni. Watu waliokuwa sokoni waliona kwa macho boti ikilala upande mmoja, kisha wakaona vichwa ndani ya maji. Wavuvi na wenye mitumbwi walikimbia kuokoa. Wengine wa wale waliokufa walikuwa wakingojewa na ndugu zao pale pale.

Gavana wa Kivu Kusini alisema siku ile kwamba boti ilibeba watu 278, na kwamba watu wasiopungua 78 walikufa. Hesabu zingine zilitolewa upande wa Goma, nazo hazikulingana. Mpaka leo ukiuliza watu wawili wa Kituku ni wangapi walipotea, utapata majibu mawili.

Boti inajaa vipi

Watu wengi wanasema kapiteni ni mwenye tamaa, na wanaishia hapo. Tamaa iko, lakini haielezi yote. Mafuta ya mota ya kutoka Minova mpaka Kituku yanatofautiana kidogo tu kati ya boti iliyojaa nusu na iliyojaa yote. Mishahara ya wafanyakazi ni ile ile. Malipo ya ufukweni, ya halali na yale mengine, yanalipwa vile vile. Kwa hiyo mzigo wa kwanza unalipa matumizi, na faida ya mwenye boti inaanzia kwa magunia ya mwisho na kwa watu wa mwisho, wale wale wanaoifanya boti kuwa ya hatari. Na mama mwenye nyanya hawezi kungoja kesho. Akiambiwa boti imejaa, anamwomba kapiteni, anaita jina la mjomba wake, anaongeza kidogo. Hapo ni nani anapashwa kusema basi? Komiseria ya ziwa na walinzi wa ufuko wana mamlaka hiyo kwa sheria. Sheria inafanya kazi pale ambapo yule anayekagua hapati kitu kutoka kwa yule anayekaguliwa.

Kisha kuko namna ya kupakia. Magunia yanaingia kwanza, watu wanakaa juu yake. Uzito wa watu unakuwa juu kuliko ukingo wa boti, na boti ya mbao yenye uzito wa juu inatikisika kwa kitu kidogo. Tena hakuna boti ya mbao isiyoingiza maji. Maji yaliyo chini yanatulia kama boti iko sawa, lakini ikiinama kidogo yanakimbilia upande huo wote kwa mara moja na kuisukuma zaidi.

Njo maana wakati wa kufika una hatari yake, wakati abiria anafikiri safari imekwisha. Watu wanasimama. Wanatafuta mzigo wao, wanachungulia nani amekuja kuwapokea, wanasogea upande wa ufuko ili watoke wa kwanza. Watu mia mbili wakisogea hatua mbili upande mmoja, hakuna kapiteni anayeweza kuirudisha boti. Wanamaji wa zamani wanawapigia abiria kelele wakae chini mpaka kamba ifungwe, na abiria wanawaona kama watu wa hasira.

Upepo nao una saa zake. Asubuhi mapema maji yanakuwa laini mara nyingi, na mawimbi yanakuja zaidi mchana. Boti inayongoja kujaa mpaka saa tano inaondoka wakati mubaya, na inaondoka nzito.

Jile na orodha

Ajali ya Merdi si ya kwanza. Katikati ya mwezi wa nne 2019 boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu 150 hawakuonekana. Alikwenda kule, na amri ikatolewa kwamba kila abiria avae jile ya kuokoa maisha. Kwenye boti kubwa za Bukavu amri hiyo inaonekana: jile ziko, na zinaonyeshwa. Kwenye boti za mbao mambo ni tofauti. Jile inagharimu feza, inachukua nafasi ya gunia, na boti iliyoruhusiwa watu 80 ikinunua jile 80 na kubeba watu mara tatu, wengi watabaki bila kitu. Kuko pia jile zilizozeeka, zenye mikanda iliyokatika, ambazo watu wanakalia kama mto ili mbao zisiwaumize. Na wakaaji wengi wa pembeni ya ziwa hawajui kuogelea, jambo linaloshangaza wageni lakini halishangazi mtu yeyote hapa. Mtoto anakatazwa maji ili asizame, na hivyo anakua bila kuyajua.

Lakini kitu ambacho familia zinaulizia zaidi baada ya ajali si jile, ni orodha. Majina ya abiria yanapashwa kuandikwa mbele ya boti kuondoka. Bila majina hayo, mtu anayemtafuta ndugu yake anakwenda ufukweni, anakwenda hospitali, anakwenda chumba cha maiti, na hakuna mahali pa kuuliza kama alipanda kweli ao alibaki Minova. Simu iliyozimika haisemi kitu. Na bila hati ya kifo, mjane anakosa karatasi ya kuonyesha kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya deni, kwa ajili ya watoto.

Mwisho wa Januari 2025, wakati M23 ilipoingia Goma, uwanja wa ndege ulifungwa, na toka hapo ziwa limeendelea kubeba watu ambao zamani wangepanda ndege au gari. Asubuhi Kituku inajaa kama kawaida. Kabla ya boti ya mbao kusukumwa majini, kule inakotoka, kijana mmoja anapita katikati ya abiria na daftari, pale ambapo daftari iko. Anaandika jina na kijiji cha mtu, na anaruka wale waliokaa mbali juu ya magunia kama hawezi kuwafikia. Nakala ya pili ya kuacha ufukweni haiandikwi mara nyingi. Akimaliza, anaweka daftari ndani ya mfuko wake na kupanda boti pamoja nao.